Mazabodi tatu zimenifia mkononi: kosa ni la kampuni au langu?

#1 Jongoo_Mwekundu
Wakuu, salaam.

Ndani ya miaka tisa nimezika mazabodi tatu, zile bodi kuu za kompyuta zinazobeba prosesa na RAM, kila moja na kampuni yake. Majina siyataji maana nawajua, kabla jua halijazama mtakuwa mmeshikana mashati.

Ya kwanza ilikufa polepole. Leo tundu moja la USB, miezi ikapita, sauti nayo ikaondoka, kisha siku moja haikuwaka tena. Ya pili ilizimika katikati ya kusasisha BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha bodi, na haijafumbua jicho mpaka leo. Ya tatu ndiyo inayoniuma: ina wiki tatu tu, soketi AM5 (kiti cha prosesa za AMD), RAM DDR5 vipande viwili, kila kitu kipya isipokuwa kesi na pawasaplai. Juzi nimeingia BIOS, nikawasha EXPO, mpangilio wa kuipandishia RAM kasi, ikimbie 6000, nikahifadhi. Ikajizima, ikajiwasha, na tangu hapo kioo cheusi. Feni zinazunguka, kijitaa cha rangi ya chungwa kimeganda penye neno DRAM.

Kati ya ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock, nani anatengeneza kitu cha kudumu, anamjibu mteja akikwama, na hakukamui hela kwa ajili ya taa za rangi? Safari hii nikihama nahama jumla.

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimevuta kiti.

#3 ROG_Damu
ASUS. Mods, fungeni uzi.

#4 Msomaji_wa_Manyuali
Usifungwe bado. Tuweke ukoo sawa kwanza, maana humu watu wanapigania mashangazi wasiowajua. Gigabyte na MSI zote ni za 1986. ASUS ni 1989, walioianzisha walikuwa wahandisi wa Acer. ASRock ndiye mdogo wao, 2002. Wote wanne ni wa Taiwan, na wakati mwingine wananunua vipande kwa muuzaji mmoja.

#5 Chaji_Kamili
ASRock si ni ASUS kwa mlango wa nyuma tu? Ukinunua ASRock umenunua ASUS bila nembo.

#6 Msomaji_wa_Manyuali
@Chaji_Kamili hiyo ilikuwa zamani. Ni kweli ASRock ilizaliwa ndani ya ASUS ili ishike soko la chini. Lakini ASUS na Pegatron, tawi lake la viwanda, waligawana mwaka 2010, na ASRock ikaenda upande wa Pegatron. Siku hizi wanapigania wateja walewale.

#7 FundiKoleo
Kazi yangu ni kufufua bodi, kwa hiyo naziona zikiwa uchi.

Chukua bodi nne za daraja moja, futa nembo, zilaze mezani. Utapata tabu kusema ipi ya nani. Chipu ya sauti, Realtek. Ya mtandao, Realtek au Intel. Soketi, mara nyingi Lotes au Foxconn. Msingi wa BIOS ni wa AMI, halafu kila mmoja anapaka rangi yake juu. Kwa hiyo anayekuambia kampuni fulani "ina vipande bora" muulize vipande vipi.

Tofauti ya kweli iko kwenye VRM, vile vipande vyeusi vilivyojipanga kando ya soketi. Pawasaplai inaleta volti 12, prosesa inataka kama 1.2. Piga hesabu: prosesa inayokula wati 120 kwa volti 1.2 inavuta ampea 100. Ampea 100, kupitia shaba nyembamba kuliko kadi ya simu! Ndiyo maana mzigo unagawanywa kwa faza (njia) kadhaa, na ndiyo maana kinawekwa kipande cha bati kizito juu yake kumeza joto.

Niliwahi kuletewa bodi ya daraja la chini, kampuni kubwa tu, imebebeshwa prosesa ya kore 16. Mwenyewe analia mashine inakuwa mzigo kila akirenda video zaidi ya dakika kumi. Nikaelekeza kipimajoto: VRM haina kipoza hata kimoja, nyuzi 110. Nikafunga feni ndogo kwa kamba ya plastiki ielekee pale. Kasi ikarudi huku tunaangalia. Bodi haikuwa mbovu, ni punda aliyepewa mzigo wa lori. Na kampuni hiyohiyo ina bodi nyingine, daraja moja juu, ambayo ningeifunga kwangu bila wasiwasi.

Ushauri: linganisha modeli kwa modeli. Nembo iache.

#8 ROG_Damu
Fundi naheshimu kazi yako, ila mimi nina ASUS mbili, moja inaelekea mwaka wa kumi na moja. Sihitaji kipimajoto.

#9 Kiti_cha_Mbele
Na mimi babu yangu alivuta sigara mpaka miaka 90.

#10 BintiSoketi
FundiKoleo kasema kweli nusu. Vipande ni vilevile, sawa. Ila vipande vinatii amri, na amri zinatoka BIOS, na BIOS kila kampuni inaipika kivyake.

Mfano uko wazi. Mwaka 2023 prosesa za AMD za Ryzen 7000X3D zilianza kuungua, nyingine zikavimba chini na kuacha alama nyeusi kwenye soketi. Chanzo kimojawapo kilikuwa volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayozungumza na RAM), ambayo baadhi ya bodi ziliipandisha kupita kiasi mara tu ukiwasha EXPO. AMD wakaweka kikomo cha volti 1.3, kampuni zote zikalazimika kutoa BIOS mpya. Prosesa moja, chipseti (chipu ya bodi inayosimamia matundu) moja, ila bodi iliyojitia ujasiri kuliko nyingine iliua.

Kwa hiyo mimi nikilinganisha kampuni naangalia BIOS zinatoka kwa kasi gani, maelezo yake yanaeleweka au wameandika tu "imeboresha uthabiti", na bodi ya miaka minne iliyopita bado inakumbukwa au imeshatupwa jalalani.

#11 ROG_Damu
Hapo mtaanza kumsema ASUS. Alionewa.

#12 BintiSoketi
@ROG_Damu hakuonewa, alisemwa kuliko wengine kwa sababu ndiye mkubwa. Lakini usilie peke yako: 2025 ikawa zamu ya ASRock, taarifa za prosesa za 9800X3D kufa kwenye bodi zake zikajaa kila kona, nao wakatoa BIOS ya kurekebisha. Na Gigabyte, 2023, watafiti wa Eclypsium walikuta programu yake ya kusasisha, iliyofichwa ndani ya BIOS, inapakua vitu kutoka mtandaoni bila ulinzi wa kutosha. MSI naye mwaka huohuo akavamiwa na wadukuzi, funguo zake za kusaini BIOS zikavuja. Hakuna aliyetoka na shati jeupe.

#13 Mzee_wa_Jampa
Vijana mnafurahisha. Enzi zetu mfalme aliitwa Abit. Ukiwa na Abit unatembea kifua mbele, unapandisha kasi ya prosesa ndani ya BIOS wakati wenzako wanahamisha jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini, kwa kibano. Leo Abit iko wapi? Ilifunga mlango mwisho wa 2008. EPoX nayo kwisha. DFI wakahamia bodi za viwandani. Hata Intel mwenyewe alikuwa anatengeneza mazabodi za mezani, zilikuwa ngumu kama jiwe, akaacha 2011.

Na janga la kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, mmelisahau. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilitengenezwa kapasita zenye maji mabovu ndani, zikaingia kwenye bodi za karibu kila mtu. Ukifungua kesi unaiona safu yake pembeni ya soketi, ule msalaba wa juu ambao unatakiwa uwe bapa umeinuka kama kifuniko cha chupa iliyotikiswa. Nyingine zimechuruza ute wa kahawia mpaka kwenye bodi. Mimi nilikuwa nazing'oa na kupachika mpya, kumi na mbili kwa bodi moja, na bodi inaamka. Kampuni gani ilikuwa bora wakati ule? Ile iliyobahatika kununua kapasita kwingine mwezi ule.

Kwa hiyo kijana Jongoo, mapenzi ya kampuni ni mapenzi ya mvuvi na upepo.

#14 Msomaji_wa_Manyuali
Shikamoo Mzee. Marekebisho kidogo: Intel walitangaza kuacha bodi za mezani Januari 2013. Nadhani 2011 imekukaa kichwani kwa sababu ya ule mkasa wa SATA (matundu ya kuunga diski), ambao nao unahusu mada.

Tarehe 31 Januari 2011 Intel walikiri kwamba chipseti zao za mfululizo wa 6, walizokuwa wameziita Cougar Point, zina kasoro. Transista moja ilikuwa inapewa volti kubwa kuliko inavyopaswa, na matundu manne ya SATA ya kasi ya 3Gb/s yalikuwa yanachoka kadiri siku zinavyokwenda. Matundu mawili ya 6Gb/s yalikuwa salama. Ilibidi bodi zirudishwe, za kampuni zote, ghali na rahisi. Sasa fikiria mtu hakusikia habari ile, diski yake ikaanza kupotea baada ya miaka miwili. Angeilaani kampuni iliyoandikwa kwenye boksi maisha yake yote.

#15 Mzee_wa_Jampa
Marahaba. 2013, nakubali. Kichwa nacho kina kapasita zake.

#16 Kalamu_Nyekundu
Samahani kukatisha. "Mazabodi" ni neno la lugha gani? Kiswahili ni ubaomama.

#17 Kiti_cha_Mbele
Mkuu nenda kwa fundi umwambie ubaomama wako umeungua, akikuelewa rudi hapa utuambie.

#18 Kalamu_Nyekundu
Na wewe mwambie maza amekufa uone watu watakavyokuja kukupa pole.

#19 Nyaya_Nje
😂😂 hapo umeua.

Turudi kwenye mada. Mimi nataka niongelee huduma maana ndipo nilipoumia. Bodi yangu, kampuni kubwa siitaji, ilikataa kutambua RAM upande mmoja. Nikairudisha ndani ya waranti. Baada ya wiki mbili nikapokea barua pepe na picha moja iliyovutwa karibu sana: pini moja ya soketi imelala. Wakasema ni uharibifu wa mteja, waranti haihusiki. Sikuwa na jibu. Inawezekana niliilaza mimi siku ninafunga prosesa, inawezekana iliinama njiani, inawezekana iliinama mezani kwao. Nitathibitishaje?

Tangu siku hiyo kabla ya kupachika prosesa nazima taa ya chumba na kumulika soketi kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Pini zote zikiwa sawa zinang'aa kama shamba lililolimwa kwa mistari. Iliyopinda inatoa kimweko tofauti, unaiona hata bila miwani. Geuza tochi pande zote nne, piga picha, hifadhi. Na kile kifuniko cha plastiki cha soketi USITUPE, ukirudisha bodi bila kifuniko umewapa sababu ya kukukatalia.

#20 ROG_Damu
Kwenye huduma nakubali yaishe. Hata ASUS 2024 walisemwa sana kwenye mambo ya waranti mpaka wakatoa taarifa ya kubadilisha utaratibu.

#21 Kiti_cha_Mbele
Piga picha ya skrini hii, ROG_Damu kakubali kitu.

#22 Thamani_Kwanza
Naona thamani haijaguswa. Watu wanalipia herufi. Chukua AM5: X670 siyo chipseti nyingine kabisa, ni chipu mbili za aina ileile inayokaa moja kwenye B650. Unapata matundu mengi zaidi, basi. Kama una SSD moja na kadi moja ya picha, hiyo chipu ya pili inakupa joto tu. Angalia nyuma ya bodi matundu ya USB yanatosha, angalia VRM ina kipoza, angalia kuna kitufe cha kuflashi BIOS bila prosesa. Vingine ni mapambo.

Halafu thamani kubwa kuliko zote ni umri wa soketi. Bodi yangu ya B450 ilianza na Ryzen 5 1600, leo imebeba 5800X3D. Prosesa zimepishana miaka mitano na bodi sijaigusa.

#23 BintiSoketi
Thamani_Kwanza, safari hiyo haikuwa laini kama unavyoisimulia. Mwaka 2020 AMD walisema B450 na X470 hazitapata Ryzen 5000, watu wakapandisha mori, ndipo wakageuza. Na bodi nyingi za wakati ule zilikuwa na chipu ya BIOS ya MB 16, haikutosha kubeba prosesa zote. Kampuni nyingine zikavua urembo wa BIOS, picha zikaondoka, ukabaki na menyu za maandishi. MSI wakatoa kundi la bodi za MAX zenye MB 32. Hapo ndipo utaona kampuni na kampuni hazifanani: aliyeweka chipu kubwa tangu mwanzo hakutoa jasho.

#24 Chaji_Kamili
Vipi zile bodi za X99 za Kichina, na Xeon zilizotolewa kwenye seva? Naona kore nyingi kwa hela ndogo.

#25 FundiKoleo
@Chaji_Kamili nyingi hazina chipseti ya X99 kabisa. Zimepachikwa B85, H81 au Q87 iliyong'olewa kwenye bodi za zamani, maana prosesa hailalamiki. Zinafanya kazi. Nyingine zinafanya kazi vizuri sana. Ila BIOS yake ukishaiharibu hutaipata kwenye tovuti ya kampuni, utaipata kwa mtu kama wewe aliyeinakili ya kwake. Waranti yako ni uzi kama huu.

#26 Pawasaplai_Kwanza
Nimesoma kurasa zote na nashangaa hakuna aliyeona. Rudini #1. "Kila kitu kipya isipokuwa kesi na PAWASAPLAI."

@Jongoo_Mwekundu hiyo pawasaplai ni ya lini?

#27 Jongoo_Mwekundu
Ya bodi ya kwanza.

#28 Pawasaplai_Kwanza
Miaka TISA. Bodi tatu, kampuni tatu, muuaji mmoja, na amekaa ndani ya nyumba muda wote. Bodi ya kwanza ilianza kufa kwenye USB na sauti? Hivyo vyote vinategemea volti 5. Ya pili ilizimika wakati wa kusasisha BIOS? Umeme ulishuka kwa sekunde moja. Kesi imefungwa.

#29 Kiti_cha_Mbele
Nyie mnazifunga kesi kama mahakama ya mchana.

#30 FundiKoleo
Inawezekana, lakini taratibu. Pawasaplai inayoua haichagui bodi peke yake, ingekwenda na diski na kadi ya picha pia. Jongoo, SSD zako za zamani ziko hai?

#31 Jongoo_Mwekundu
Zote. Hata kadi ya picha niliitoa bodi ya pili nikampa mdogo wangu, inapiga gemu mpaka leo.

#32 FundiKoleo
Basi sina uhakika na hukumu hiyo. Bodi ya kwanza matundu yaliyokufa kwanza yalikuwa ya mbele ya kesi au ya nyuma?

#33 Jongoo_Mwekundu
Ya mbele... yale ya kesi. Ambayo nayo ni ileile.

#34 Nyaya_Nje
Eeeh! Sasa kesi nayo imeingia kwenye kesi. Waya wa USB wa mbele ukigusana na bati unaweza kuichosha bodi. Mimi niliwahi kusahau nguzo moja ya shaba chini ya bodi, pale pasipo na tundu la skrubu. Ikigusa nyuma ya bodi, mashine inazima. Ukiilaza kesi chali, inawaka. Nilibadilisha RAM, nikabadilisha prosesa, nikaitukana kampuni miezi miwili, kumbe nguzo yenye urefu wa kucha.

#35 BintiSoketi
Jongoo nijibu swali moja. Ulipowasha EXPO ikawa giza, ulisubiri muda gani kabla ya kuzima?

#36 Jongoo_Mwekundu
Kama sekunde arobaini. Nikazima kwa kitufe, nikawasha, bado giza, nikazima tena. Nimerudia labda mara kumi.

#37 BintiSoketi
Ndugu yangu.

DDR5 kwenye AM5 kila ukibadilisha mipangilio, bodi inafanya mazoezi na RAM: inajaribu muda na volti, moja baada ya nyingine, mpaka wapatane. Huo muda kioo ni cheusi na taa ya DRAM inawaka. Bodi za mwanzo za AM5, 2022, ASRock walibandika karatasi juu ya nafasi za RAM kuwaonya watu: kwa vipande vinne vikubwa inaweza kufika sekunde 400. Wewe ukizima kwenye sekunde ya 40 inaanza upya. Mara kumi umeianzisha mwanzo, mara kumi umeikatiza. Siyo maiti hiyo, ni mtu unayemwamsha kila akianza kusinzia.

Fanya hivi. Toa waya wa umeme ukutani. Toa betri ya CR2032 dakika tano, au uguse kwa bisibisi pini za kufuta CMOS, kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS. Vipande vya RAM viweke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Washa. Halafu ONDOKA CHUMBANI.

#38 Mzee_wa_Jampa
Enzi zetu ukiwasha inalia "pii" moja, unajua imeamka. Sasa hivi mpaka utoke chumbani.

#39 Kore_Nane
Wakati tunasubiri, upande wa Intel nako kulikuwa na kizungumkuti kama hiki. Kizazi cha 13 na cha 14, gemu zinajifunga zenyewe. Intel mwanzoni wakanyoosha kidole kwa kampuni za mazabodi, kwamba zinaachia prosesa ile umeme bila kikomo. Na kweli zilikuwa zinaachia, ili zionekane na kasi kuliko jirani. Bodi zikapewa mipangilio mipya ya kupunguza makali. Baadaye 2024 ikabainika prosesa zenyewe zilikuwa zinaomba volti kubwa kuliko zinavyostahili, ikatoka mikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) ya 0x129, kisha 0x12B, na waranti ikaongezwa miaka miwili. Jirani yangu kazini alikuwa ameshabadilisha bodi mara mbili kabla ya hapo. Bodi mbili nzima zimeuzwa kwa hasara kwa kosa lisilo lao.

#40 ROG_Damu
Ndiyo maana nasema nunua bodi nzuri tangu mwanzo.

#41 Kore_Nane
@ROG_Damu bodi zote mbili zilikuwa za bei mbaya. Zile nzuri ndizo zilikuwa zinaachia umeme zaidi.

#42 Jongoo_Mwekundu
Nimerudi. Mikono inatetemeka.

Nimetoa betri, nimehamisha RAM (zilikuwa nafasi ya kwanza na ya tatu, msinicheke), nimewasha nikatoka nje. Niliporudi taa imehama kutoka DRAM, ikapita VGA (ya kadi ya picha), ikazimika. PICHA IMEKUJA. RAM inakimbia 4800.

Nikapata tamaa. Nikawasha EXPO tena, nikatoka tena. Dakika nne, ikaja, 6000 safi. Nimecheza gemu jana usiku mzima.

Asubuhi nimewasha, giza tena. Nimesubiri dakika kumi na tano kwa saa. Giza. Nikatoa betri, ikarudi kwa 4800.

#43 Pawasaplai_Kwanza
Asubuhi, mashine ikiwa baridi. Pawasaplai iliyozeeka inahangaika ikiwa baridi. Nisiseme mengi.

#44 FundiKoleo
Au RAM yako haimo kwenye orodha ya RAM zilizojaribiwa na bodi hiyo. Nenda ukurasa wa bodi, soma namba iliyoandikwa kwenye kipande, herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja mwishoni inaweza kuwa chipu za kiwanda kingine.

#45 BintiSoketi
Au BIOS. Iko toleo gani? Za mwanzo za AM5 zilikuwa mbovu kwa RAM, baadaye zimetulia sana.

#46 Jongoo_Mwekundu
Ile iliyotoka nayo kiwandani. Sijasasisha na sisasishi. Mnajua kilichoipata bodi ya pili.

#47 Thamani_Kwanza
Hiyo bodi ya pili uliitupa?

#48 Jongoo_Mwekundu
Iko kabatini. Nashindwa kuitupa.

#49 Thamani_Kwanza
Angalia upande wa matundu ya nyuma, kuna kitufe kidogo karibu na USB? Kama kipo, hujazika maiti, umezika mtu mwenye usingizi, kama alivyosema Binti. Flashi iwe FAT32. Faili la BIOS libadilishe jina kama manyuali inavyotaka: MSI wanataka MSI.ROM, Gigabyte GIGABYTE.bin, ASRock creative.rom, ASUS wana kiprogramu chao cha kubadilisha jina. Chomeka kwenye tundu lenye alama, unga waya mbili za umeme tu, ule mpana na ule wa prosesa. Prosesa haihitajiki, RAM haihitajiki. Bonyeza kitufe, taa ianze kukonyeza. Jifunzie kwenye hiyo ambayo huna cha kupoteza, hofu ikiisha uende kwenye mpya.

#50 Jongoo_Mwekundu
Kitufe kipo. Miaka yote hii nilidhani ni cha kurisiti.

#51 Kiti_cha_Mbele
Nimevuta kiti karibu zaidi.

#52 Jongoo_Mwekundu
Nimeilaza juu ya boksi lake mezani. Flashi iko ndani, nimebonyeza. Taa inakonyeza. Dakika ya tatu sasa.

#53 BintiSoketi
Usiguse kitu.

#54 Pawasaplai_Kwanza
Ngoja kwanza. Umeiunga na pawasaplai gani?

#55 Jongoo_Mwekundu
Ninayo moja tu mkuu.